Niliombwa leseni, nikatoa simu nzima

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, nimeoa, na kazi yangu ni udereva wa kusambaza bidhaa. Barua hii nimekaa nayo wiki tatu bila kuituma kwa sababu naona aibu.

Mwaka jana niliihamishia leseni yangu kwenye simu. Programu yenyewe ni ya serikali. Ilinipiga picha ya uso, ikalinganisha na ile iliyo kwenye kadi, na tangu siku hiyo kadi nimeiacha kwenye droo chumbani. Niliona maisha yamekuwa mepesi. Pochi naweza kuisahau, simu siisahau.

Jioni moja nikasimamishwa barabarani. Taa moja ya nyuma ilikuwa haiwaki na mimi sikujua. Askari alikuwa mpole, sitaki kumsingizia. Aliomba leseni. Nikafungua simu, nikafungua programu, nikamnyooshea asome. Akasema kioo kinamrudishia mwanga machoni, akaishika. Mimi nikaiachia. Kisha akasema anakwenda kuhakiki namba, akaondoka nayo hadi kwenye gari lao lililoegeshwa nyuma yangu.

Nilibaki namtazama kwenye kioo cha pembeni. Mwanga wa simu yangu ulikuwa unamulika kidevu chake, na kidole chake kilikuwa kinapanda na kushuka. Leseni yangu, Shangazi, ni ukurasa mmoja. Haina cha kupandisha wala cha kushusha.

Alirudi baada ya dakika kama kumi, akanirudishia, akanionya kuhusu taa, akanitakia safari njema. Simu ilikuwa imefunguka kwenye mazungumzo yangu na dada yangu. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amenitumia picha ya majibu yake ya hospitali, karatasi yenye jina lake kamili, na chini yake maneno ambayo hata mumewe hajamwambia. Alinieleza mimi peke yangu. Nami nilisema nini? Nilisema "asante, afande," nikawasha gari nikaondoka.

Mke wangu ananiambia nisijitese, eti asiye na la kuficha hana la kuogopa. Mwenzangu kazini anasema nilikuwa mjinga, kwamba sasa nifute kila kitu kilichomo kwenye simu, na siku nyingine nikisimamishwa nisiitoe kabisa hata nikilazimishwa. Mimi nimebaki katikati.

Je, nilikosea kuiachia? Nikikataa siku nyingine, si nitaonekana mkaidi, au mtu mwenye kosa? Hii programu ya leseni niitoe? Na dada yangu nimwambie, au ninyamaze tu, maana huenda yule askari ameshasahau?

Mwenye Kuachia Simu


Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama palepale: kidole kinapanda na kushuka juu ya ukurasa usio na cha kupandisha. Uliona sawasawa. Mtu asikuambie kwamba ni dhana zako.

Nianze na lile linalokuuma. Ndiyo, ulikosea kuiachia. Kupekua ni kosa la aliyepekua, hilo usilibebe. Lako ni kuachia tu, na wanaoachia ni wengi. Mtu aliyelelewa kwa adabu akinyooshewa mkono na mwenye mamlaka, huwa ameshatoa kabla hajajiuliza anatoa nini. Ndiyo maana nataka jambo hili uliamue nyumbani, umekaa, umetulia, siyo usiku barabarani taa za gari la polisi zikikumulika kisogoni.

Uamuzi wenyewe ni huu: leseni unaionyesha, simu huikabidhi. Ulipokuwa na kadi, askari alipata jina lako, picha, namba na tarehe, basi. Angeweza kwenda nayo garini kwake na kurudi, asingekuwa amejua zaidi ya hayo. Simu iliyofunguliwa ina kadi hiyohiyo, lakini imekaa pamoja na barua zako, picha zako, benki yako, mahali ulipolala na watu unaowapigia. Aliomba kitu kimoja. Wewe hukuwa na wajibu wa kumpa vyote.

Mke wako amesema kwa upendo, anataka ulale usingizi. Lakini mwambie, taratibu, kwamba yale majibu ya hospitali hayakuwa yako. Chukua simu yako sasa hivi uipitie kwa jicho hilo. Utakuta mzazi aliyekutumia picha ya kitambulisho chake umsaidie kujaza fomu. Utakuta rafiki aliyekutumia ujumbe wa sauti usiku wa manane akilia. Utakuta wateja, wewe mtu wa kusambaza mizigo, waliokuandikia mlango wao uko wapi na saa ngapi hawapo nyumbani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesimamishwa barabarani jioni ile, na hakuna aliyeulizwa kama anakubali. Unaweza kusema huna la kuficha ukizungumzia ya kwako. Ya dada yako hukupewa uyaachilie. Mimi hili ndilo linalonigusa kuliko mambo yote ya sheria, na ndilo lingenitia nguvu ya kukataa kama ningekuwa mimi kwenye kile kiti.

Ukikataa, hutakuwa mtu wa kwanza. Mwaka 2009, huko San Diego, Marekani, dereva mmoja alisimamishwa kwa sababu usajili wa gari lake ulikuwa umekwisha muda. Jambo dogo, kama taa yako. Gari likapekuliwa, silaha zikapatikana, akakamatwa, na simu yake nayo ikapekuliwa bila hati. Kesi hiyo, Riley dhidi ya California, ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2014 majaji wote 9 wakakubaliana kwamba hata mtu akishakamatwa, polisi kwa kawaida wanahitaji hati ya mahakama kabla ya kupekua simu yake. Angalia vizuri: huyo alikuwa amekamatwa, na silaha zimeonekana. Wewe ulikuwa na taa isiyowaka.

Ulaya nako suala hilihili lilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Polisi wa Austria walikuwa wamejaribu kufungua simu ya mtu aliyetumiwa kifurushi chenye gramu 85 za bangi. Hawakuwa na kibali cha mahakama, na yeye mwenyewe hawakumwambia. Alikuja kujua kesi ikiwa inaendelea. Oktoba 2024 mahakama ilieleza kwamba polisi wakitaka data iliyomo kwenye simu, kibali cha mahakama au cha chombo huru kitangulie, isipokuwa pakiwa na dharura yenye sababu za kweli, na mwenye simu aarifiwe mara tu kumwarifu kusipoharibu uchunguzi. Na kuhusu leseni za simuni hasa, jimbo la Louisiana nchini Marekani, lililoanza kuzitumia mwaka 2018, liliweka kwenye sheria yake kwamba kumwonyesha askari leseni kwenye simu hakumpi ruhusa ya kutazama kingine chochote kilichomo.

Sasa, kila nchi ina sheria yake, na mipakani na viwanja vya ndege maofisa huwa na mamlaka makubwa kuliko barabarani. Kabla ya kushika maneno yangu, tafuta wakili wa hapo ulipo, au kituo cha msaada wa kisheria, muulize maswali mawili: leseni ya simuni inakubalika kisheria? Na askari wa barabarani anaruhusiwa nini juu ya simu bila hati? Ni mazungumzo ya nusu saa, na yatakukaa miaka.

Kinachoangusha ulinzi wote huu ni ridhaa. Ukisema "angalia tu, afande," umekubali, na ukishakubali ni vigumu kuja kulalamika baadaye. Ukinyamaza na kuachia, kama ulivyofanya, anaweza kusema alidhani umemruhusu. Kwa hiyo kataa kwa maneno yanayosikika. Mimi ningesema hivi: "Afande, leseni yangu hii hapa, isome nikiwa nimeishika. Simu sikubali ipekuliwe." Yajaribu ukiwa peke yako garini mpaka yatoke bila kutetemeka.

Akisema kioo kinamrudishia mwanga, ongeza mwangaza, geuza simu, isogeze kivulini. Ikishindikana, msomee namba ya leseni aiandike. Anapokwenda kuhakiki, anachohakiki ni namba, na namba anaipata bila kubeba kifaa chako. Ukiwa na kadi mfukoni, mazungumzo yote haya hayapo. Mpe kadi aende nayo. Kwa hiyo kadi itoke kwenye droo leo, iingie kwenye pochi, na pochi iingie garini.

Unaogopa kuonekana mkaidi. Mikono yako ikiwa inaonekana, sauti iko chini, na leseni tayari umeionyesha, huo siyo ukaidi. Lakini sitakudanganya kwamba kila askari atalipokea neno "sikubali" kwa uso mkunjufu. Akiichukua kwa nguvu, usivutane naye. Simu si kitu cha kuumizwa kwa ajili yake, na kumgusa askari kunaweza kuzaa kesi mpya kabisa. Sema tena, bila kupaza sauti, kwamba hujakubali. Kariri namba ya gari lao, namba iliyo kifuani mwake, na saa. Usimdanganye kuhusu lolote; kunyamaza ni bora kuliko uongo. Muulize kama uko huru kwenda. Akijibu kwamba uko chini ya ulinzi, omba wakili, na suala la namba ya siri ya simu lisubiri wakili huyo. Nasema lisubiri wakili kwa sababu kuna nchi ambazo kukataa namba ya siri baada ya kupewa notisi halali ni kosa. Uingereza ni mojawapo: kifungo kinafika miaka 2, na 5 kwa kesi za usalama wa taifa au picha chafu za watoto.

Hapo simu ikiwa mikononi mwake, kinachobaki kukulinda ni jinsi ilivyofungwa. Tukae kidogo hapa.

Simu za Android zina kipengele cha kubandika programu, kwenye mipangilio ya usalama. Ukibandika programu ya leseni, kioo kinabaki hapohapo, na mtu hawezi kutoka kwenda kwenye ujumbe bila namba ya siri, mradi umewasha sharti hilo la kuomba namba ya siri kabla ya kubandua. Kwenye iPhone kazi hiyo hufanywa na Guided Access, iliyo kwenye mipangilio ya ufikivu. Ukishaiwasha, unabonyeza kitufe cha pembeni mara tatu ukiwa ndani ya programu. Jioni ile kama ungekuwa na kitu hiki, kidole chake kisingefika popote. Jifunze kukitumia nyumbani kwenye kochi, ukijaribu kujitoa mwenyewe kana kwamba wewe ndiye askari.

Jambo la pili ni alama ya kidole na uso. Mtu akikuelekezea simu usoni, au akikushika mkono, simu inafunguka bila wewe kusema neno. Namba ya siri iko kichwani mwako. Kwenye iPhone zinazofunguka kwa uso, shikilia kitufe cha pembeni pamoja na kimoja cha sauti hadi kitokee kile cha kutelezesha kuzima; tangu hapo uso haufungui mpaka uandike namba. Simu nyingi za Android zina hali ya kufunga kabisa kwenye menyu inayotokea ukishikilia kitufe cha kuwasha, ingawa nyingine lazima kwanza uiruhusu kwenye mipangilio. Ukiweza, izime simu kabisa. Simu iliyozimwa na kuwashwa, kabla haijafunguliwa kwa mara ya kwanza, funguo za siri zinazofungua data zake nyingi bado hazijaingia kwenye kumbukumbu yake, na hata mitambo ya uchunguzi ambayo polisi wa nchi nyingi hununua kwa kampuni kama Cellebrite hupata shida kubwa zaidi hapo. Waundaji wa simu wanalijua hili: tangu iOS 18.1, toleo la mwaka 2024 la mfumo unaoendesha iPhone, simu hiyo iliyokaa imefungwa siku 3 hivi hujizima na kujiwasha yenyewe. Ila fanya haya kabla askari hajafika dirishani. Akishafika, mkono unaopekuapekua chini ya kiti unaweza kumtisha, na hilo ni hatari kwako.

Namba yenyewe iwe ya tarakimu 6 au zaidi, isiwe siku ya kuzaliwa. Arifa zizuie zisionyeshe maneno ya ujumbe kwenye kioo kilichofungwa, kwa kuwa dada yako angeweza kukuandikia dakika ileile.

Kuhusu programu ya leseni, usiitoe kwa sababu ya hili, ila ujue ilipaswa kutumikaje. Kiwango cha kimataifa cha leseni za simuni, ISO/IEC 18013-5 cha mwaka 2021, kiliandikwa ili simu isitoke mkononi mwako hata kidogo. Askari anakuwa na kisomaji, yaani kifaa chake cha kusomea leseni. Wewe unaonyesha msimbo wa QR au unagusisha simu, kisomaji kinaomba vipengele fulani, unaviona, unakubali, na ni hivyo tu vinavyokwenda. Uhalali unathibitishwa na saini ya kidijitali ya mamlaka iliyotoa leseni. Picha ya leseni kwenye kioo haithibitishi kitu, maana mtu yeyote mwenye simu anaweza kuitengeneza ikafanana. Askari wako hakuwa na kisomaji, hivyo alibaki na njia ya zamani juu ya kifaa kipya, na pengo hilo ukalilipia wewe na dada yako. Mimi naamini mamlaka inayowapa watu leseni za simuni kabla ya kuwapa askari visomaji inawaweka wote wawili pabaya, na ni haki yako kuwaandikia hivyo.

Mwenzako wa kazini, msikilize kwenye hasira yake, usimsikilize kwenye ushauri wa kufuta. Kama kuna uchunguzi wowote unaoendelea, kufuta kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuharibu ushahidi. Na isitoshe, ushahidi wa jioni ile ni wa kwako. Fungua sehemu ya simu inayoonyesha muda wa matumizi ya skrini. Ikiwa siku ile bado ipo, utaona ni programu zipi zilifunguliwa na kwa dakika ngapi, saa ambayo wewe ulikuwa umekaa nyuma ya usukani huna simu. Ipige picha ya skrini leo, maana rekodi hizo huwa hazikai sana. Kisha fungua WhatsApp, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, uhakikishe hakuna kompyuta usiyoijua. Tazama kama ile picha ya majibu ilitumwa kwingine. Badilisha namba ya siri, kwa kuwa mtu aliyekaa karibu nawe ukiifungua simu anaweza kuwa ameiona. Halafu andika kwenye karatasi yote unayoyakumbuka: tarehe, saa, barabara, alichosema, ulichojibu. Ukiamua kulalamika kwa chombo kinachosimamia polisi, au kwa mamlaka ya ulinzi wa data kama kwenu ipo, karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea.

Lakini kabla hujalalamika popote, dada yako ajue. Malalamiko yatataja ujumbe wake, na siyo haki asikie habari za siri yake kwa ofisa asiyemjua. Unajiuliza kama unyamaze kwa kuwa huenda askari amesahau. Huenda amesahau. Huenda pia anafahamiana na mtu anayemfahamu shemeji yako, na dada yako angependa kuchagua mwenyewe nani amwambie mumewe, na lini. Ukimnyima wiki hizi, umemnyima nafasi hiyo.

Usimwandikie. Nenda kwake, au mpigie akiwa peke yake, umwambie kwanza lililotokea kisha ndipo uombe radhi, usianze na radhi akabaki anahangaika kujua umefanya nini. "Nilisimamishwa, askari akachukua simu yangu ikiwa wazi, akafungua mazungumzo yetu, nadhani aliona karatasi yako. Sikumzuia. Nisamehe." Halafu nyamaza umsikilize. Akilia mwache alie, akikasirika usijitetee kwa habari za taa na afande. Mwulize anataka ile picha ibaki kwenye simu yako au iondoke, na kama yuko tayari itajwe kwenye malalamiko. Akisema hapana kwa lolote kati ya hayo, fuata analosema.